Barua kwa mwanangu: kikombe cha tatu

Mwanga, Kigoma

Mwanangu Zawadi,

Hujambo mama? Sisi wazima, isipokuwa baba yako bado anakohoa baridi ya Addis Ababa, kule Ethiopia tulikotembea. Mji uko juu mita 2,300 na ushee, naye alibeba mashati ya mikono mifupi kama anayekwenda Kibirizi kununua dagaa.

Kwenye simu uliniuliza tulikula nini, nikasema injera, salio likakatika. Basi sikiliza. Ni mkate mwembamba, mpana kama sinia, wa nafaka yao iitwayo teff. Unga unakorogwa, unaachwa siku kadhaa uchachuke, ndipo unamiminwa kwenye kikaango. Mboga zinapangwa juu yake, kijiko hakuna, unamega kwa mkono wa kulia. Mla ugali wa muhogo hafundishwi kumega! Siku ya kwanza ilikuwa Jumatano, nikaagiza nyama katika mgahawa mdogo, binti akatikisa kichwa. Waorthodoksi Jumatano na Ijumaa hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Tukaletewa adesi, kabichi, na shiro, rojo la unga wa dengu lenye pilipili. Baba yako, anayesema chakula bila samaki wetu mgebuka si chakula, alilamba vidole.

Jioni tulialikwa kwa wazazi wa yule rafiki yako uliyesoma naye. Mama mwenye nyumba akaviringisha tonge, akalileta mdomoni kwangu. Nikarudi nyuma. Kwetu analishwa mtoto, au bwana harusi. Kumbe ndiyo heshima yao, wanaiita gursha. Nikafumba macho, nikapokea, likaja la pili, kubwa zaidi.

Halafu kahawa. Majani mabichi yametandazwa sakafuni, ubani unafuka, bisi kwenye bakuli. Binti wa nyumba akakaanga buni mbele yetu, akatupitishia moshi tuunuse, akatwanga, akachemsha kwenye jebena, chungu cha shingo ndefu. Vikombe havina mkono, kama vya wauza kahawa wa Ujiji. Nikanywa kimoja, nikashukuru, nikashika mkoba. Wakanikalisha! Vikombe ni vitatu: abol, tona, na cha mwisho baraka. Neno letu lile lile, mwanangu. Ningeondoka mapema ningeiacha baraka mezani kwa watu. Tulikaa karibu saa mbili, na hakuna aliyetazama simu.

Ila saa zao ndizo zilizonifurahisha. Dereva alisema atatufuata saa mbili, na Mzungu mmoja pale hotelini akatuambia tulale tu, saa mbili ni mchana. Mimi nikajua ni asubuhi, wanahesabu kuanzia jua linapochomoza kama sisi. Dereva akatukuta mlangoni. Miaka ndiyo hatuwezani, risiti ziliandikwa 2017 wakati kwetu ilikuwa 2025. Baba yako akadai tumerudishiwa ujana miaka minane.

Sasa kila usiku anadai kikombe cha tatu, na anayechemsha ni mimi. Nami nimekoroga unga wa ulezi nijaribu injera yangu, teff nitaitoa wapi Kigoma? Leo ni siku ya tatu uko kwenye sufuria chini ya meza, na amekwisha uliza mara mbili kuna nini kimeoza jikoni. Nitaumimina kesho asubuhi, kabla hajaamka.

Wabusu wajukuu zangu.

Mama yako