Bwawa limerudi kuwa kijani? Tafadhali usilikaushe

Wiki iliyopita mteja wetu wa Mbezi Beach alitutumia picha ya bwawa lake la samaki na neno moja: "Mmenipiga." Maji yalikuwa kijani kibichi, na ni siku 18 tu tangu tulihudumie. Tulipofika tukafungua chujio kwanza. Sponji ilikuwa nyeupe pee, inanukia sabuni ya unga. Kijana wa nyumbani alikuwa ameifua, kwa nia njema kabisa.

Ule utelezi wa kahawia kwenye sponji ni bakteria. Ndio wanaoiondolea sumu amonia inayotoka kwa samaki, na ukiwaua hawarudi kesho; huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana sisi sponji tunaikamua tu kwenye ndoo ya maji ya bwawa hilohilo. Mteja akituona hudhani tumetegea kazi.

Linalotuuma zaidi ni kukausha. Kibarua wa elfu ishirini anamwaga maji yote, anasugua kuta mpaka saruji inang'aa, jioni anajaza maji ya bomba. Mwaka jana tuliitwa Tegeta asubuhi baada ya kazi ya namna hiyo: samaki 11 aina ya koi wanaelea. Mwenye nyumba alikuwa amemshika mmoja mkononi, mkubwa wa urefu wa kigasha, anauliza kama bado anaweza kupona. Klorini iliyomo kwenye maji ya bomba huunguza mashavu ya samaki. Sisi maji ya bomba tunayalaza siku mbili kwenye tanki lililo wazi, na hatubadilishi zaidi ya robo ya bwawa kwa mara moja. Kwa hiyo ukiona bili yetu ina safari mbili, sababu ni hizo siku mbili za kulaza maji.

Halafu kuna pampu. Januari na Februari, maji yakipata joto, hewa ndani yake hupungua, na huo ndio msimu watu wanazima pampu usiku ili kubana umeme wa LUKU. Usiku mimea ya majini nayo inavuta hewa ileile. Samaki wakija juu alfajiri wanatweta, usiwape chakula. Washa pampu, na isizimwe tena.

Masika tatizo ni samadi ya bustani kuoshwa hadi bwawani, ambayo ni karamu kwa mwani, vile vimea vidogo vinavyoyafanya maji yawe kijani. Inua ukingo au chimba kamfereji. Mayungiyungi yakifunika nusu ya maji, jua nalo linapungua makali.

Kwa mteja wa Mbezi Beach hatukumwaga bwawa. Tulibadilisha robo, tukaingiza kwenye chujio lake kipande cha sponji kutoka bwawa letu wenyewe, cheusi, kimejaa bakteria hai. Akauliza kama kweli tunamtoza hela kwa sponji chafu. Tukamwambia ndiyo, maana kuikuza hiyo kumetuchukua miezi. Jumamosi tunarudi kuangalia maji.