Kiasi cha mafuta kinachoitosha ngozi kavu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako, na imenisikitisha kusikia kwamba miguu yako bado inapauka na kukuwasha usiku ingawa umekwisha kubadilisha krimu mara tatu. Nakuomba usinunue ya nne kabla hatujapiga hesabu moja pamoja, kwa sababu ulipoandika kwamba tyubu ya gramu 50 hukutosha mwezi mzima kwa mwili wote, niliona kwamba huenda kosa si la krimu, bali ni la kiasi.

Madaktari wa ngozi wana kipimo cha kidole. Unakamua krimu katika mstari mmoja juu ya kidole cha shahada, kuanzia nchani hadi kwenye mkunjo wa kwanza, na kiasi hicho, ambacho kwa mtu mzima ni karibu nusu gramu, hutosha kupaka eneo linalolingana na viganja viwili pamoja na vidole vyake. Uso na shingo huhitaji vipimo viwili na nusu. Kila mkono, pamoja na kiganja, vinne. Kila mguu, pamoja na wayo, vinane. Kifua na tumbo saba, na mgongo pamoja na makalio saba vingine. Jumla ni kama vipimo 40, yaani gramu 20 kwa kujipaka mara moja. Kwa hesabu hiyo tyubu yako ingekwisha siku ya tatu, nawe umeigawa kwa siku 30! Ngozi yako imekuwa ikipata chini ya sehemu moja ya kumi ya inachohitaji.

Kipimo hiki kilibuniwa kwa ajili ya krimu za dawa, ambazo mgonjwa hutakiwa asizizidishe, kwa hiyo kwa mafuta ya kulainisha mimi hukichukulia kuwa kima cha chini. Mwenye ngozi kavu sana mwili mzima huweza kuandikiwa hata gramu 500 kwa wiki, na hilo halimshangazi daktari yeyote wa ngozi.

Hata hivyo, mwisho wa yote iamini ngozi yenyewe kuliko kidole. Ukimaliza kujipaka, ngozi ing'ae kidogo na mkono uteleze juu yake bila kukwama. Ikiwa krimu imenyweka papo hapo na baada ya saa moja ngozi inakaza tena, ongeza. Ikiwa inabaki juu kama utando, inashika nguo, au vipele vinatokea kwenye mashina ya vinyweleo, umezidisha. Na ni vizuri upake kwa kufuata upande nywele zinakolalia, bila kusugua.

Wakati nao hubadilisha kiasi. Mafuta hayaleti maji mengi kwenye ngozi. Kazi yake kubwa ni kuyazuia yaliyomo yasipotee. Basi ukitoka kuoga, jikaushe kwa kugusagusa taulo, kisha ujipake ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevu. Losheni ina maji mengi na athari yake hupita upesi, hivyo huhitaji kurudiwa mara nyingi, ilhali mafuta ya mgando, ingawa hunata, hukaa muda mrefu, na kwa visigino vyako sioni yanayoyashinda. Ila usikae karibu na moto ukiwa umevaa nguo zilizolowa mafuta hayo, kwani nguo hizo hushika moto kwa urahisi.

Tuanze na miguu peke yake: vipimo 16 asubuhi na 16 usiku, kwa wiki mbili. Hiyo ni gramu 224, kwa hiyo tafuta kopo la gramu 250, na uchote kwa kijiko safi ili vidole visiingize uchafu. Kwa kuwa kopo halikamuliwi, jaza mafuta juu ya kidole kwa urefu ule ule. Ukiona nyufa zinazotoa damu au majimaji, usingoje wiki hizo ziishe, nenda kwa daktari.

Niandikie siku ya saba unieleze kopo limefika wapi, na kama umelala bila kujikuna.

Wako akupendaye,
Mwanaidi