Tunauza kwa lumbesa, tunahudumiwa kwa kibaba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami niseme neno kuhusu hoja inayosikika kila mara vijana wa vijijini wanapojazana Kariakoo na Manzese, jijini Dar es Salaam, kwamba wanakimbia jembe kwa uvivu na tamaa ya taa za mjini. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi katika milima ya Makete, mkoani Njombe, na tangu nistaafu nalima viazi mviringo. Vijana ninaowaona wakipanda basi na begi moja la mgongoni niliwafundisha mwenyewe, na wengi wao si wavivu hata kidogo. Wamepiga hesabu.

Hesabu hiyo huanzia shambani. Mnunuzi akifika na lori hanunui kwa kilo, ananunua kwa gunia, na gunia lenyewe halifungwi linapojaa. Huongezwa juu yake kipande cha gunia jingine, likajazwa tena na kushonwa kwa kamba mpaka livae kilemba, nayo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu mazao ya shambani kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100, na hakuna mkulima huku asiyelijua hilo, lakini mnunuzi ni mmoja, wauzaji ni wengi, viazi vimekwisha kuchimbwa, na mvua ikinyesha usiku ule lori halitapanda tena kwa wiki nzima. Lami tunayo siku hizi kwenye barabara kuu, na tunashukuru; ila kutoka kwenye lami hadi mashambani ni udongo mtupu, na kila gari linalokwama humo gharama yake hukatwa katika bei anayopewa mkulima. Viazi hivyo hivyo vikifika sokoni Dar es Salaam hupimwa upya kwa sado, yaani vindoo vidogo, na kwa mafungu, na kile kilemba tulichokitoa bure huwa faida ya mtu ambaye hakushika jembe wala hakulala njiani na lori.

Jambo hili si geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuonya kwamba mikopo inayojenga mijini hulipwa kwa jasho la mkulima, na kwamba tusipoangalia, wanyonyaji wa mkulima watakuwa ni wakazi wa mijini. Siku hizi tunalikumbuka Azimio kwa mambo mengine, na onyo hili huwa hatulifikii.

Sina kijicho na mkazi wa mjini. Mama wa Tandale anayenunua maji kwa dumu na kudaiwa kodi ya chumba ya miezi 6 kwa mkupuo anaijua dhiki ambayo mimi mwenye shamba siijui. Hata hivyo Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulionyesha kwamba Tanzania Bara, wasiomudu mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 31.3 vijijini na 15.8 mijini, na mstari wenyewe wa umaskini uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ukikumbuka kwamba Sensa ya 2022 ilikuta takribani watu 65 katika kila 100 wakiishi vijijini, utaona kwamba tunazungumzia sehemu kubwa ya taifa.

Linalonikera zaidi, Mhariri, ni neno “imefika”. Mjini huduma huhesabiwa kwa nyumba: una bomba au huna, una mita au huna. Kwetu huhesabiwa kwa kijiji. Wakala wa Nishati Vijijini umefanya kazi kubwa ambayo sitaki kuibeza, na ada ya kuunganishiwa umeme kijijini kuwa shilingi 27,000 ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini waya ukishagusa ofisi ya kijiji na shule, kijiji kizima huandikwa kuwa kina umeme, hali watu wa kitongoji kilicho ng'ambo ya bonde bado wanawasha koroboi, na walio karibu na nguzo wengine hawana fedha za kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kwa zahanati ni hivyo hivyo. Jengo lipo, limepakwa rangi, limezinduliwa. Muuguzi ni mmoja, naye akienda mjini kufuata dawa au mshahara, mjamzito aliyeshikwa na uchungu hupakiwa kwenye bodaboda. Niliwahi kusimama kando ya njia nikiwatazama watu watatu wakiisukuma pikipiki ya namna hiyo kwenye tope, na abiria wake akitembea nyuma yao.

Ndiyo maana naomba takwimu za umeme, maji na afya vijijini zitolewe kwa kaya, kama zinavyoweza kutolewa mjini, ili mbunge anaposimama bungeni kusema kijiji fulani kina maji aulizwe ni nyumba ngapi. Naomba pia kila kijiji kinachouza viazi kiwe na mizani na mahali pamoja pa kuuzia, na lori lipakie baada ya kupima. Halmashauri haziwezi kusema hazina fedha za mizani, kwa kuwa zina vizuizi vya kukusanyia ushuru wa mazao, na huko nako ushuru mara nyingi hutozwa kwa idadi ya magunia. Lori la lumbesa lina magunia machache kuliko yanayostahili mzigo uliomo, kwa hiyo linapopita kizuizini, halmashauri nayo inapunjwa kama mimi.

Mwalimu mstaafu na mkulima,
Makete, Njombe.