Barua kwa Akinyi: picha 11 zilizobaki

Kisumu,
Jumapili jioni

Mwanangu Akinyi,

Natumaini barua hii imekukuta salama huko Nakuru. Sisi huku hatujambo. Nyanyako alikuwa na kikohozi, lakini kimepungua na amerudi kusuka. Ndani ya kifurushi utakuta kitu nilichokifunga kwa leso. Kiache kwanza, soma hii.

Alhamisi uliponipigia ulisema umeacha kupiga picha. Wenzako wana kamera kubwa, wewe una simu tu, na hata ungekuwa na kamera, kwetu hakuna cha kupiga ila cherehani, masufuria na ndoo. Nikanyamaza. Ukadhani salio limeniishia, ukakata. Salio lilikuwepo. Nilinyamaza kwa sababu kuna jambo nililokufanyia ukiwa darasa la tatu ambalo sijawahi kulitamka.

Unaikumbuka ile simu yangu iliyopasuka kioo? Ulikuwa ukiichukua kila nikipima mteja, kila nikienda kuoga. Siku moja ikagoma kupokea ujumbe, eti nafasi imejaa. Nilipofungua picha nikakuta zimepita 400. Mguu wa kiti. Mkia wa paka bila paka. Kamba ya kuanikia nguo. Ndoo ya maji karibu na mlango, ndoo ileile, mara nyingi hata nikachoka kuhesabu. Niliketi kibandani nikazifuta moja baada ya nyingine, nikabakisha zile ambazo mtu amesimama vizuri akatazama mbele. Uliporudi kutoka shule uliichukua simu, ukatafuta, ukairudisha mezani taratibu. Hukulia wala hukuniuliza. Ulikaa muda mrefu bila kuigusa tena, nami nikashukuru kwamba umeacha usumbufu. Neno hilo linaniuma hadi leo.

Nataka ujue lilikotoka. Utoto wangu wote una picha tatu. Mpiga picha alikuja kijijini Desemba na kamera ya filamu. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa pesa. Zikishapigwa zilipelekwa mjini kuoshwa, mkasubiri wiki kadhaa, na kama ulifumba macho basi tena, umeshalipa. Kwa hiyo tulivaa nguo za Krismasi, tukasimama wima, mikono ubavuni, pumzi tumezibana. Nani angethubutu kupoteza picha moja kwa ajili ya ndoo? Kwetu picha ilikuwa ushahidi kwamba mtu alikuwepo na alikuwa nadhifu. Nikakibeba kipimo hicho cha mkanda wa 36 nikakupimia wewe, mtoto mwenye simu isiyo na mkanda, uliyekuwa ukitazama vitu ambavyo mimi nilikuwa nikivipita kila siku.

Sasa, mwezi uliopita nilikuwa natafuta vifungo vya sare nikamwaga kopo lote mezani. Ikaanguka kadi ndogo kama ukucha, ile iliyokuwa ndani ya simu ya zamani. Nikampa nduguyo Ouma aitie katika simu yake. Zilikuwemo picha 11 ambazo sikuzifuta kwa sababu sikujua zipo. Tulizitazama usiku huo mpaka chakula kikapoa.

Moja ni mikono ya nyanyako kule Dunga, kando ya ziwa, anapasua mafunjo. Togo, kama anavyoyaita mwenyewe. Kichwa chake hakimo, ni mikono na kisu na bua. Akinyi, mimi nimezaliwa kando ya mafunjo hayo, nimelalia mikeka yake, nimeyabeba kichwani. Sikuwahi kutambua kwamba bua lake lina pembe tatu. Nililiona katika picha yako, pale lilipokatwa, pembe tatu wazi kama kipande cha sambusa. Na kando ya bua bichi umeweka katika picha yale yaliyokwisha kukaa juani siku kadhaa, yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, hata mtu asiyejua kusuka anaona kazi ilikoanza na inakoelekea. Nilimwonyesha nyanyako. Alijishika kidole gumba, kile chenye ukucha uliopasuka anachokitumia kupimia upana wa kila kipande, akasema, "Huyu mtoto alikuwa ananitazama kweli."

Nyingine ni ya Tabaka, tulipokwenda harusini Kisii. Unakumbuka kina mama walioketi na mabeseni, wakisugua vinyago vya mawe kwa msasa uliolowa? Jiwe lile likiwa kavu limejaa vumbi jeupe, huwezi kujua rangi yake. Likiingia majini ndipo mishipa ya waridi na kahawia inajitokeza. Mjomba alikuwa anatueleza kwa fahari kwamba Tabaka hiyohiyo ndiyo iliyomtoa mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege iko makao makuu ya UNESCO kule Paris. Sisi wakubwa tulikuwa tunatikisa vichwa. Wewe ulikuwa umechuchumaa kando ya beseni, na nilikuvuta sikio kwa kutosikiliza wakubwa. Sasa naona ulichokuwa unangojea: kiboko nusu yake ndani ya maji, nusu nje. Upande mmoja vumbi, upande mmoja rangi.

Lakini iliyonikalisha chini ni ya mkono wa koti jeusi ukiwa kwenye cherehani yangu.

Kushona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi kunaumiza macho ya kila fundi. Nikipata kazi ya aina hiyo siketi nikiutazama mlango, wala siupi mgongo. Naigeuza cherehani mwanga uje kutoka ubavuni. Ukija hivyo, uzi unapata kivuli chake, mshono unainuka, jicho linauona. Ukija usoni, vyote vinalala, vinakuwa cheusi kimoja. Hilo nilijifunza kwa miaka, kwa kukosea nguo za watu na kuzifumua. Katika picha yako kila mshono unahesabika. Hukuwa umefundishwa na mtu. Ulikuwa umekaa sakafuni karibu na miguu yangu ukaona ninavyogeuza cherehani, ukageuza simu vivyo hivyo.

Nikarudi kuzikagua zote 11, na hakuna hata moja ya mchana wa jua kali. Ikweta imepita hapo Maseno, hatuko mbali nayo, ndiyo maana saa saba jua huwa utosini na nyuso za watu zinapata mashimo meusi chini ya macho. Wewe ulipiga asubuhi, au jioni kabla jua halijazama, na jioni zetu unazijua, likishatumbukia ziwani giza halikai kukusubiri. Ulizaliwa asubuhi, jina lako linasema hivyo. Nimelifikiria hilo sana wiki hii.

Basi nimekutengenezea kitabu. Unaweza kufungua leso sasa.

Majalada ni katoni alizoleta baba yako. Gundi ni unga wa ngano uliokorogwa motoni mpaka ukawa uji mzito. Jalada la kwanza lilijikunja kama samaki mkavu kwa sababu sikulikandamiza, la pili nililaza usiku kucha chini ya pasi ya makaa. Vitambaa utavitambua mwenyewe: njano ni gauni lako la kumaliza darasa la nane, bluu ni sare ya kwaya, hicho chenye maua ni cha kitenge nilichovaa siku nilipokusindikiza chuo. Kurasa ni karatasi za gugumaji. Gugu lilelile linaloziba ziwa mpaka mitumbwi inakwama, kuna watu hapa wanalikata, wanalichemsha, wanalitwanga na karatasi kuukuu, kisha wanaanika juu ya wavu. Ukizipapasa utasikia nyuzi zake. Nilitoboa matundu matano kwa shazia, na uzi wa magunia niliupaka nta ya mshumaa ili usikatike. Picha sikuzibandika kwa gundi. Nimeshona vipembe vya kitambaa, uweze kuzitoa na kuzigeuza upendavyo.

Ouma alishika kila ukurasa nikishona. Siku hizi anakata maboksi ya dawa ya meno anatengeneza matatu ndogo zenye milango inayofunguka, na namwacha, hata akijaza sakafu.

Kamera sikukatazi. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ni Novemba na nimekutengea fungu, nawe uongeze kidogo chako. Lakini usikae mikono mitupu mpaka Novemba. Una simu, una dirisha, una jirani anayesuka nywele kibarazani, ulinisimulia habari zake mwenyewe. Nitumie hata mkia wa paka. Nafasi nimeacha, na safari hii sifuti kitu.

Sasa nina ombi. Ile picha ya ndoo siwezi kuirudisha, kwa hiyo nimejaribu kuipiga upya. Naikumbuka vizuri kuliko zote nilizofuta: jua la asubuhi limeangukia maji, mwanga umeruka juu ukawa unatetemeka kwenye mabati ya paa, na vyote viwili, maji na paa, vimeonekana katika picha moja. Siku nne mfululizo nimeamka, nikaweka ndoo palepale. Nikisimama mlangoni naziba jua. Nikiingia ndani, ndoo inakuwa nyeusi na mlango wote mweupe. Ouma anasema ulikuwa unalala chini sakafuni. Nimelala chini pia, na leso yangu ikalowa, na bado paa haliingii.

Niandikie uniambie. Ulikuwa umekaa wapi, mwanangu?

Mama yako