Risala ya Serikali ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuapishwa kwa Viongozi Wapya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo; Mkuu wa Chuo; Mshauri wa Wanafunzi; wahadhiri, wafanyakazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kushuhudia kiapo cha viongozi wetu wapya. Desturi ya risala ni kuanza na mafanikio, nayo tunayo: maktaba sasa inafungwa saa nne usiku, na zahanati imepata muuguzi wa zamu ya usiku. Muda tuliopewa uliobaki tumekubaliana tuutumie kwa jambo moja ambalo halijaacha kuzungumzwa vyumbani na vimbwetani tangu muhula uliopita, yaani msako wa mabweni na yaliyoufuata.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vitanda vya chuo hiki havitoshi. Mwanafunzi aliyekosa chumba, hasa yule ambaye jina lake halikutoka katika orodha za Bodi ya Mikopo, hulala kwa mwenzake, watu wawili kitanda kimoja, jambo ambalo sisi tunaliita kubebana. Kanuni za mabweni zinalikataza, nasi hatukuja kulitetea, maana anayesubiri zamu ya bafu saa kumi na moja alfajiri ni sisi wenyewe. Basi alfajiri moja maofisa wa Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, wakiongozana na walinzi, waligonga milango ya mabweni mawili. Wabebaji wakanyang'anywa vyumba, na wabebwa wakaitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu.

Msako peke yake usingezua mgogoro. Miongoni mwa walioitwa alikuwamo binti wa mwaka wa pili ambaye, wiki tatu kabla, alikwenda kwa hiari yake katika ofisi hiyohiyo kuomba ushauri, akaeleza kwamba hana mkopo, hana kodi ya chumba cha mtaani, na kwamba anabebwa na rafiki yake. Maneno aliyoyasema mlango ukiwa umefungwa aliyasikia yakisomwa mbele ya Kamati kama ushahidi. Ofisi iliyoyaandika ndiyo iliyoendesha msako, ndiyo iliyowasilisha shtaka, na kwa kanuni zetu ndiyo sekretarieti ya Kamati. Alipouliza rufaa inapelekwa wapi, aliambiwa barua ipitie kwa Mshauri wa Wanafunzi.

Wanafunzi waligoma kuingia madarasani kwa siku mbili, na viongozi wetu wawili wakasimamishwa masomo, kabla Mkuu wa Chuo hajaketi nao na kuwarejesha. Kwa hilo tunamshukuru. Wala hatumlaumu Mshauri wetu, mama ambaye wengi wetu tumemwona akikesha hospitalini na mgonjwa asiye na ndugu mjini; yeye alitekeleza kazi kama ilivyoandikwa, na kasoro imo katika maandishi hayo. Mtu mmoja hawezi kuwa mlezi asubuhi na mwendesha mashtaka mchana, kisha wanafunzi waendelee kumfungulia moyo. Tangu muhula ule, foleni ya ushauri pale ofisini imekwisha, na hatudhani ni kwa sababu shida zimekwisha.

Jambo la namna hii si geni katika vyuo vyetu. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi, Symonds Akivaga, raia wa Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi kulalamikia uendeshaji. Jibu lilikuwa askari kampasini na yeye kurudishwa kwao, na kuondolewa kwake kukawasha mgogoro mkubwa kuliko ile barua. Sisi tumechagua kuisoma barua yetu mbele yako, na mbele ya wale inaowahusu.

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ya kukata rufani, pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika. Kwa kuwa kanuni za chuo hupitishwa na Baraza unaloliongoza, tunaomba kazi ya kushtaki ihamishiwe kwa ofisa mwingine, na rufaa ziende moja kwa moja kwenye Kamati ya Rufaa ya Baraza bila kupita mikononi mwa upande ulioshtaki. Tunaomba pia iandikwe wazi kwamba alichokisema mwanafunzi katika chumba cha ushauri hakitatumika dhidi yake, isipokuwa pale uhai wa mtu ulipo hatarini. Ombi la bweni jipya tumelitoa miaka yote na leo hatutalirudia. Haya matatu hayahitaji saruji.

Yule binti bado ana onyo la maandishi katika jalada lake, na rufaa yake haijajibiwa. Nakala ya rufaa hiyo, kwa idhini yake, tumeiambatanisha na risala hii ambayo Katibu wetu anakukabidhi sasa.