Mwandishi wenu aliona nguo, hakusikia salamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala iliyochapishwa Jumamosi iliyopita katika ukurasa wa burudani, iliyosimulia usiku wa muziki wa cumbia unaoandaliwa Mexico City na jamii ya wapenzi wa jinsia moja na watu waliovuka jinsia. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeoa Puebla, mji mwingine wa Mexico, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiishi Mexico City. Usiku wa aina hiyo nimeuhudhuria mara nyingi, hata mlinzi wa mlangoni hunijulia hali ya nyumbani kabla ya kunidai kiingilio. Makala yenyewe haikuwa na matusi, na kwa hilo nashukuru. Ila ilimaliza aya saba ikieleza viatu virefu, vipodozi na manyoya, ikafika mwisho bila kugusa jambo ambalo watu hulifuata pale, nalo ni salamu.

Kwanza niseme kwamba cumbia si ya Kuba, ingawa mliandika kwamba ni ya huko. Ilizaliwa katika pwani ya Karibi ya Kolombia, ambako Waafrika waliouzwa utumwani kupitia bandari ya Cartagena, wengi wao wakitoka Kongo na Angola, walichangamana na wenyeji wa asili wa nchi ile na Wahispania. Na mwenye kutaka ushahidi asafiri hadi San Basilio de Palenque, kijiji cha watoro wa utumwa, asikilize wazee wanaozungumza lugha ambayo hadi leo imebeba maneno ya Kikongo. Ngoma zake ni tatu: tambora, alegre na llamador. Hii ya mwisho, ambayo jina lake maana yake ni mwitaji, ni ngoma ndogo inayorudia pigo lilelile usiku kucha ili wenzake wasipotee, na sisi tuliokulia kwenye ngoma za vumi na chapuo hatuhitaji kuelezwa zaidi. Zumari zake za asili huitwa gaita, nazo huenda mbili mbili, moja jike na moja dume. Jike ina matundu matano na ndiyo inayobeba wimbo. Dume ina matundu mawili na kazi yake ni kuitikia.

Nimetaja zumari hizi, ambazo jike ndiyo huongoza na dume huitikia, kwa makusudi, kwa kuwa mwandishi wenu alidai kwamba mwanamume anayecheza upande wa mwanamke ameigeuza mila ya mchezo huo. Mila ipi? Kolombia, katika cumbia ya zamani, mwanamke hushika fungu la mishumaa inayowaka na mwanamume humzunguka na kofia yake mkononi, wala hawagusani. Mexico City wamechukua muziki uleule wakaucheza kwa kushikana mikono na kuzungushana. Monterrey nako, jiji la kaskazini mwa Mexico, mashine ya sahani ya mpiga muziki wa mitaani Gabriel Dueñez ilipochemka ikaanza kuuburuza muziki, wachezaji waliupenda hivyohivyo ulivyoburuzika, na kuanzia hapo ikapatikana cumbia ya mwendo wa pole ambayo kijana wa mji ule atakuapia kwamba ndiyo yenyewe. Muziki uliokwisha kugeuzwa kiasi hicho, na watu wa kila namna, hauwezi kuwa na mlinzi wa mila anayesimama mlangoni kwa ajili ya watu wa aina moja tu.

Sasa nije kwenye salamu. Katika mitaa ya Mexico City kama Tepito na Peñón de los Baños, huu wa mwisho ukiwa jirani ya uwanja wa ndege na wenyewe wakiupachika jina la Kolombia Ndogo, muziki wa cumbia hupigwa na mtu anayeitwa sonidero. Sonidero ana sahani zake za muziki, ana maspika yaliyopangwa kwenda juu kama ukuta, na ana kipaza sauti asichokiweka chini. Wimbo ukiwa unaendelea yeye husema juu yake, kwa sauti iliyotiwa mwangwi, akisoma majina: fulani wa mtaa fulani anamsalimu fulani, familia fulani inawasalimu ndugu zao walioko New York. Watu humsogelea na vikaratasi, siku hizi na simu zilizoandikwa kwa herufi kubwa, wakaziinua juu ya vichwa hadi zisomwe. Zamani sonidero alirekodi usiku mzima katika kaseti, baadaye katika sidii, na rekodi hizo zikavuka mpaka hadi Marekani, ambako mhamiaji aliyeshindwa kurudi nyumbani alisikia jina lake likitajwa katika mtaa aliozaliwa. Msomaji wa Kiswahili aliyewahi kununua kadi ya salamu, akaijaza kwa mwandiko wake bora, akaipeleka redioni na kukaa siku tatu na sikio kwenye spika, anajua ninazungumzia nini. Ni jambo lilelile, tofauti ni kwamba pale unacheza huku ukisubiri.

Ndani ya duara la wachezaji wa masonidero, mashoga na wanawake waliovuka jinsia hawakuanza kuonekana jana. Wamekuwamo kwa miongo mingi, tena katikati, mahali ambapo umati hufungua nafasi kwa wachezaji hodari. Usiku huu wa leo unaofanyika ndani ya ukumbi umetoka huko barabarani. Haukuletwa na vilabu vya matajiri kama makala ilivyodokeza. Kilichoongezeka ni kwamba mlango una watu wa kuulinda, na ulinzi huo una sababu yake. Mwezi wa Julai 2024 bunge la Mexico City lilipitisha sheria inayotambua mauaji ya wanawake waliovuka jinsia kuwa kosa la peke yake, na sheria hiyo hutajwa kwa jina la Paola Buenrostro, aliyeuawa katika jiji hilo mwaka 2016. Anayetoka kucheza saa tisa za usiku hataki kutoka peke yake.

Binamu wa mke wangu ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza. Ana jina alilojichagulia, na kwa miaka tisa hajawahi kulisikia kinywani mwa mama yake, ambaye anaishi Bronx, New York, na kufua nguo za watu. Usiku mmoja aligeuza risiti ya duka la dawa, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya wanja, kwa herufi kubwa, salamu kutoka kwake yeye, kwa jina hilo, kwenda kwa mama yake, na simu ikawa wazi kwenye mfuko wa shati langu ili upande wa pili wasikie. Sonidero aliisoma mara mbili, maana wanja ulikuwa umechafuka kwa jasho na mara ya kwanza hakuipata vizuri. Binamu alisimama ghafla katikati ya mzunguko, nami niliyekuwa nikimfuata nikamkanyaga mguu. Baada ya muda ukaja ujumbe wa sauti wa sekunde nne. Sikuusikiliza, haukuwa wangu, lakini alikaa nao kwenye ngazi za choo mpaka nyimbo tatu zikapita.

Nimesema nilikuwa namfuata, na hapo pia mwandishi wenu aliteleza. Pale mtu akikuomba mcheze, swali la kwanza ni kama unaongoza au unafuata, wala haliangalii ndevu wala sketi. Mimi, mzee wa miaka hamsini na minne niliyezoea kuamua kila kitu nyumbani (mke wangu akisoma hapa atacheka), niligundua kwamba kufuata ni kazi ngumu kuliko kuongoza, kwa sababu anayefuata lazima asikilize mkono wa mwenzake na ngoma kwa pamoja. Bado sijaweza. Nageukia kushoto wote wakigeukia kulia.

Juu ya historia ya watu hawa makala haikusema lolote, nami sitaki kuirefusha barua, ila moja halipitiki. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba 1901, polisi wa Mexico City walivamia nyumba moja yenye dansi wakawakamata wanaume 41, karibu nusu yao wakiwa wamevaa magauni, na baadhi yao wakapelekwa Yucatán, kusini-mashariki mwa Mexico, kutumikia jeshi kwa nguvu. Majina ya wengi hayakujulikana kamwe. Uvumi wa mjini ulisema alikuwapo wa arobaini na mbili, mkwe wa rais Porfirio Díaz, aliyeachiwa kimyakimya. Kwa miongo mingi baada ya hapo namba 41 ikawa tusi la kumtupia mwanamume. Ukiisha kulijua hilo, mtu anayeng'ang'ania jina lake lisomwe kwenye maspika, pamoja na mtaa wake na mama yake, humwoni tena kama mpenda kujionyesha.

Serikali nazo zimewahi kuigombania dansi hii. Februari 2023 uongozi wa wilaya ya Cuauhtémoc ulizuia watu, wengi wao wazee, kucheza muziki wa masonidero katika bustani yenye banda la Kiosco Morisco, mtaa wa Santa María la Ribera, na jibu la wananchi lilikuwa kuja wengi zaidi na kucheza. Mwaka huohuo serikali ya jiji ikatangaza utamaduni wa masonidero kuwa sehemu ya urithi wake.

Kuhusu neno shoga mlilolitumia katika kichwa cha habari, sitagombana sana. Marehemu bibi yangu wa Kibokoni alimwita kila rafiki yake shoga, na rafiki zake wakamwita hivyohivyo, nao wote walikuwa na waume na wajukuu. Wenyewe huko Mexico City huandika cuir, yaani neno la Kiingereza queer kwa tahajia ya Kihispania. Ninachopinga ni alama za kunukuu mlizoliwekea neno hilo, kana kwamba mnalishika kwa koleo.

Sisemi usiku ule hauna kasoro. Kiingilio kimepanda, vijana wa mitaa ya mbali huja kupiga picha wakiwa wamesimama katikati ya duara bila kucheza, na joto la ukumbi halivumiliki. Mwandishi wenu angeyaandika hayo, ningemuunga mkono.

Naomba basi mrekebishe Kuba isomeke Kolombia. Na mwandishi akirudi, aende na kikaratasi mkononi, ajipange nyuma ya wenzake mbele ya sonidero, aandike jina lake na la mtu wake aliyeko Malindi au popote pale. Herufi ziwe kubwa, na asitumie wanja.

Wenu,
Msomaji wa Mombasa,
Mexico City