Nimepungua kilo 55, mama yangu ananililia kama marehemu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, ni mama ntilie hapa Buguruni, Dar es Salaam. Nauza wali, ugali, maharage, dagaa wa nazi, na Ijumaa napika pilau. Wateja wangu wengi ni mafundi gereji na makonda wa daladala. Tangu nifungue kibanda mwaka 2014 wananiita Mama Bonge, na jina hilo sikuwahi kulichukia. Mpishi mwembamba nani anamwamini? Mwili wangu ndio uliokuwa bango la biashara.

Machi 2022 nilianguka nikiwa nasonga ugali. Hospitali wakanipima: kilo 131, na urefu wangu sentimita 163 tu. Presha ilikuwa 172 kwa 104. Kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kikasoma 10.2. Nikaambiwa ni kisukari aina ya pili, nikapewa vidonge na kuelekezwa kwa afisa lishe, binti mdogo ambaye mwanzoni nilimdharau kwa umri wake. Jinsi nilivyopungua haina utamu wa kusimulia. Niliacha soda na chai ya sukari, sahani nikaigawa nusu mboga, chapati nikaihamishia Jumapili, na alfajiri nikaanza kutembea hadi kibandani badala ya kupanda bajaji. Ilichukua miaka miwili na miezi mitatu. Juni 2024 mzani ukasoma 76. Sukari ikashuka hadi 5.6, daktari akapunguza vidonge taratibu mpaka akavisimamisha, ila kupima bado naenda.

Kilo 55, Shangazi. Mfuko wa saruji, na juu yake uweke kilo tano za unga. Siku niliyopanda ngazi za ghorofa ya tatu nikafika juu naongea, nilikaa pale nikalia kwa furaha. Sisemi najuta. Nataka ujue hilo kwanza, usije ukanijibu kwamba nishukuru Mungu. Nashukuru.

Ila kuna mambo nilidhani yataondoka na kilo, hayakuondoka, na mengine yamekuja mapya. Ngozi ya tumbo imening'inia kama mfuko wa rambo uliomwagwa vitu, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019. Asubuhi naikunja, naiingiza ndani ya sketi kama mtu anayechomekea shati. Joto likizidi, chini ya lile kunjo panatoka vipele. Julai nilijifunika blanketi, mimi niliyekuwa nalala juu ya vigae kutafuta ubaridi. Na viti: zamani kwenye shughuli nilikuwa napachika viti viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, ili visinivunjikie. Mwezi uliopita kwenye maulidi ya jirani nimejikuta nimevipachika tena viwili, nimekaa, watoto wananitazama. Kwenye daladala bado napita kiubavu. Nikiona kivuli changu ukutani nasogea kando nikidhani kuna mtu anataka kupita.

Hayo nayacheka. Yanayofuata siyachekei.

Wateja walianza kupungua kabla sijafika hata kilo 90. Kwanza waliuliza kwa adabu: "Mama, unaumwa?" Kisha wakaanza kuuliza nani anapika siku hizi. Unajua maana yake, Shangazi. Hapa kwetu mtu akinenepa anaambiwa maisha yamemkubali, akikonda anaambiwa amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI. Sahani 60 kwa siku zikawa 40, leo nikiuza 35 nafunga mapema. Nilieleza habari ya kisukari hadi koo likanikauka. Wakaitikia "eeh, eeh" kama unavyomwitikia mtu unayemhurumia kwa kudanganya.

Siku moja kijana wa gereji, mpole, tangu akiwa saidia fundi anakula kwangu kwa mkopo, alisubiri wenzake waondoke. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniachia noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Mama, ya nauli ya kliniki. Usiache dozi." Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Asante, baba." Nikaipokea. Hadi leo noti ile iko kwenye kopo la chumvi, sijaitumia wala sijairudisha, na kila akija kula namjazia mboga hadi aibu inanishika.

Kwa nini nisimwambie? Kwa sababu kila ninapoapa kwamba sina, jirani yangu wa kushoto anayeuza mihogo ananisikia. Yeye anatumia dawa miaka mingi, hajifichi sana, na ana afya na mwili kuliko mimi. Nikipaza sauti kujitetea, ni kama namrushia yeye mawe. Jioni ananisaidia kubeba masufuria, nashindwa kumtazama usoni.

Mume wangu ni mtu mwema, hilo nalisema wazi. Tumepima pamoja mara mbili, sote hatuna. Ila ile karatasi ya majibu aliikunja akaiweka kwenye pochi, na kwenye harusi ya mpwa wake nilimkuta anaionyesha kwa rafiki zake, bila hata kuulizwa. Alidhani ananitetea. Nilijiona kama ng'ombe aliyepigwa muhuri machinjioni. Usiku akinikumbatia huwa ananyamaza, na juzi aliniambia, "Mke wangu, nakutafuta sikuoni." Sikukasirika, kwa kuwa hata mimi ni hivyo hivyo. Halafu hukohuko barabarani wanaume waliokuwa wakinipita kama nguzo ya umeme sasa wananisalimia kwa kukonyeza. Wale nawachukia. Nawachukia kwa niaba ya yule mnene waliyekuwa hawamwoni.

Sasa nifike kwenye lenyewe, nimezunguka sana.

Kwetu ni Muheza, Tanga. Nilikuwa na dada, mzaliwa wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi mjini. Mwaka 1998 alirudi nyumbani amekonda, na mwaka 1999 akafariki. Nilikuwa na miaka 15. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha. Namkumbuka mifupa ya bega, hapa karibu na shingo, palivyobonyea ukaweza kuweka maji yasimwagike. Dawa za bure serikali ilianza kuzitoa mwaka 2004, sisi tulikuwa tumeshazika. Baada ya arobaini maneno yakaanza kijijini, watu wakihesabu nyumba yetu nani anafuata. Mama yangu hakubishana na mtu. Alinilisha. Uji wa karanga alfajiri, mihogo ya nazi mchana, usiku wali, na baada ya wali maziwa. Anauza machungwa, hela yote inaishia tumboni kwangu. Nikisema nimeshiba anasema, "Kula, waone." Nikanenepa. Ijumaa akawa ananituma dukani saa ambayo watu wanatoka msikitini, nipite mbele yao polepole.

Kwa hiyo Shangazi, mimi sikunenepa kwa uvivu wala kwa tamaa. Mwili ule ulikuwa jibu la mama yangu kwa kijiji kizima. Alinijenga kijiko kwa kijiko. Nami nimeubomoa.

Agosti mwaka jana nilienda kumsalimu. Sikuwa nimemtumia picha, nilitaka kumshtukiza, nikidhani atapiga vigelegele. Nilishuka kwenye basi, nikatembea hadi nyumbani bila kuhema, nikabisha hodi. Alifungua mlango, akanitazama, akaita jina la marehemu dada yangu. Kisha akakaa chini palepale kizingitini. Nilimweleza kila kitu. Nilimwonyesha karatasi za kliniki, namba zote, ingawa kusoma hajui. Alisema, "Sawa, mwanangu." Usiku nikamsikia chumbani analia ile sauti ya chini, ninayoijua tangu mwaka 1999. Asubuhi kabla sijaamka alikuwa ameshachemsha uji wa karanga.

Niliporudi Dar nikasimama mbele ya kioo cha kabati, nikamwona. Mabega yale. Shingo ile. Sikuwahi kujua kwamba tunafanana, unene ulikuwa umetutenganisha. Tangu siku hiyo navaa mtandio hata jikoni, na kioo nimekigeuzia ukutani.

Mama ana miaka 74 sasa. Kila Jumapili akinipigia simu swali ni moja, "Mwili umerudi?" Nikisema bado, anabadilisha mazungumzo, anauliza habari za mvua.

Na hapa ndipo ninapoogopa. Desemba hii kuna harusi ya binti wa kaka yangu, ukoo wote utakuwa Muheza. Wiki tatu zilizopita nilianza kula usiku. Watoto wakilala naingia jikoni, nakula kiporo cha wali nikiwa nimesimama, chapati tatu, nne, juu yake chai ya sukari. Yule binti wa lishe aliwahi kunionya kwamba mwili uliopungua sana huendelea kudai njaa kama mtu anayedai deni, nisijilaumu nikiisikia. Lakini hii siyo njaa. Njaa naijua. Hii nakula kwa hesabu. Nimeongezeka kilo nne, na juzi nilipojipapasa mashavu gizani nikasikia yamejaa kidogo, nilifurahi. Nilifurahi, Shangazi, nikijua kabisa kwamba sukari inanisubiri mlangoni. Asubuhi nilipima kwa ile mashine ya kidole: 8.3 kabla sijala kitu. Nikaificha mashine uvunguni, mume wangu asione.

Rafiki yangu mmoja anasema nitafute mshauri nasaha hospitalini. Labda ni kweli, ila naona aibu kwenda kumwambia mtu mwenye foleni ya wagonjwa nje kwamba nimepona na ninalia. Mwingine anasema nisiende kabisa Muheza, nitume mchango na kitenge. Wifi yangu yeye ameshauri nivae madera matatu, moja juu ya jingine, na hata sijui kama alikuwa anatania.

Naomba unisaidie, au wasomaji wako waliopitia hali hii wanisaidie. Nimwambie nini mama yangu ambacho sijamwambia? Karatasi haimtoshi, na maneno hayamtoshi. Nimewaza nikae naye mwezi mzima anione ninavyolima, ninavyobeba ndoo mbili, ninavyokula na kuamka mzima kila siku, hadi macho yake yazoee. Lakini kibanda nikikifunga mwezi mzima hao 35 waliobaki nao watakwenda. Au nimlete Dar? Hapendi Dar, anasema hapa watu hawasalimiani. Na yule kijana wa elfu kumi, nimrudishie hela yake na kumwambia ukweli, au nimwache na wema wake?

Nijibu mapema ukiweza. Kitenge cha sare ya harusi nimeshanunua, na fundi amenitumia ujumbe mara mbili kuulizia vipimo. Ananijua tangu zamani, gauni langu moja amelipunguza mara tatu. Anataka kujua akate kwa mwili wa leo, au aache kitambaa cha kutosha ndani ya mshono.

Mama Bonge,
Buguruni, Dar es Salaam